Homa imeshuka, vipele vimetoka: nimsikilize nani?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana mwaka mmoja na mwezi mmoja. Tunaishi Tabata, mimi na mume wangu, dada wa kazi na wifi yangu ambaye ana ujauzito wa miezi mitatu. Sasa hivi yupo pia mama mkwe, amekuja kutoka Lindi kututazama.

Jumamosi usiku mtoto alichemka ghafla. Hakuwa na mafua ya kusema mafua, hakuharisha, ila ukimgusa anaunguza. Nikampima kwapani, kipimajoto kikasoma 39.6. Jumapili asubuhi tukampeleka zahanati, wakamtoboa kidole kuangalia malaria, hana. Aliyemwona akamsikiliza kifua, akamchungulia masikio na koo, akasema inaonekana ni virusi. Akatupa parasetamo ya maji na kutuambia turudi kama homa haitashuka ndani ya siku mbili. Jumatatu homa iko pale pale. Mimi nilikuwa kazini, mume wangu akaona tunazubaa, akapita duka la dawa akauziwa amoksilini ya maji. Tukaanza kumpa jioni hiyo hiyo. Jumanne bado anachemka, ila dawa ya homa ikishika anaomba kuteremka achezee sufuria. Jumatano akaamka wa baridi kabisa. Nikashukuru Mungu, nikaenda zangu kazini.

Mchana dada akanipigia: mtoto katoka vipele. Akanitumia picha kwa WhatsApp, nikaikuza weee, sikuona kitu. Nilipofika nyumbani nikamvua nguo, ndipo nikaviona: vidogo vidogo, vimejaa tumboni, mgongoni na shingoni, usoni vichache. Havina maji. Hajikuni. Anakula vizuri kuliko jana, ingawa analialia na anataka kubebwa muda wote.

Tangu hapo nyumba imegeuka baraza. Mama mkwe anasema hii ni surua, tusimwogeshe maana ikiguswa na maji inarudi ndani, asichomwe sindano yoyote, anyweshwe dafu na alazwe juu ya majani ya mwarobaini. Kijana wa duka la dawa anasema ni mzio wa amoksilini, mtoto asiiguse tena maisha yake yote, na ameshatuuzia dawa ya mzio na tyubu ya kupaka. Jirani anasema hizo ni harara tu, joto la Dar. Mume wangu ananiangalia mimi. Kadi ya kliniki iko sawa, chanjo ya miezi tisa alichoma. Daktari, nani mkweli hapa? Na wifi yangu na mimba yake, yuko salama?

Mama Ibra, Tabata

*

Marahaba, Mama Ibra. Pole kwa kuuguza.

Kwa mtiririko uliouandika, hii haina sura ya surua. Inafanana sana na ugonjwa ambao madaktari huuita roseola, homa ya virusi inayowapata zaidi watoto wa miezi sita hadi miaka miwili, na vipele vyake hutoweka vyenyewe. Hata hivyo kesho mrudisheni zahanati ile ile mliyoanzia, kwa sababu mbili nitakazozieleza: hiyo amoksilini, na wifi yako.

Sijamwona mtoto, na hata ungenitumia picha ningeiweka pembeni kwanza. Barua yako imenipa kitu cha maana kuliko picha, nacho ni siku: homa iliingia lini, iliondoka lini, na vipele vilitokeza wakati gani. Vipele vya virusi kumi vinaweza kufanana kama mapacha, lakini havina mwenendo mmoja na homa. Ndiyo maana kila mtu hapo nyumbani ameona ugonjwa wake. Wote wameangalia ngozi, hakuna aliyeangalia kalenda.

Roseola huja hivi: mtoto aliyekuwa mzima anapandisha homa ghafla, 39 mpaka 40, inakaa siku tatu hadi tano, na pengine hakuna dalili nyingine ya kushika. Halafu homa inakatika, mara nyingi ndani ya saa chache, na vipele vinatoka mtoto akiwa tayari wa baridi. Vinaanzia kifuani, tumboni na mgongoni, vinapanda shingoni, vinagusa uso na mikono kidogo. Kwa kawaida haviwashi. Vinakaa saa kadhaa hadi siku mbili tatu, vinafifia bila kuacha kovu. Virusi vyake ni vya jamii ya hepesi, namba 6 na wakati mwingine namba 7. Jina hilo lisikutishe wala lisikufanye umwulize mumeo maswali. Si hepesi ya sehemu za siri. Watoto wengi duniani huwa wameshavipata kabla ya kufika miaka mitatu, na wengine hawatoi hata kipele kimoja.

Surua inakwenda kinyume chake. Mtoto wa surua huanza na homa pamoja na mafua mazito, kikohozi na macho mekundu yanayotoa machozi na kuogopa mwanga. Baada ya siku tatu nne hivi vipele huchomoza, vikianzia nyuma ya masikio na kwenye paji la uso karibu na nywele, kisha vinateremka kifuani mpaka miguuni. Na hapo ndipo homa hupanda zaidi. Mtoto wa surua siku ya vipele ni mgonjwa hasa. Wako siku ya vipele kaamka wa baridi na kaomba chakula, na hukuniandikia kikohozi wala macho.

Chanjo aliyopata miezi tisa nayo inasaidia kuiondoa surua kwenye orodha, ingawa haiifuti kabisa. Dozi moja ya surua-rubela katika umri huo huwakinga takribani watoto 85 kati ya 100. Ndiyo maana Tanzania inatoa ya pili miezi 18, na hiyo ndiyo ambayo akina mama wengi huisahau, kwa kuwa mtoto ameshaanza kukimbia na kliniki imeshachosha. Ya kwako iandike mahali sasa hivi.

Sasa mama mkwe. Usimbishie mbele ya watu, maana hofu yake ina historia. Kizazi chake kimezika watoto kwa surua, na aliyeona hivyo kila kipele anakiona surua. Dafu mpe, mtoto wa umri huo anahitaji maji na dafu ni maji mazuri, mradi ajue halitibu, na mtoto aendelee kunyonya na kula. Hilo la kutomwogesha ndilo nalikataa. Hakuna ugonjwa wa vipele unaorudi ndani kwa kuoga. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe taratibu, mvalishe pamba nyepesi. Kumfunika mablanketi ili vipele vitoke vyote ni hatari mtoto akiwa na homa, hasa Dar hii ambayo hata mtu mzima halali bila feni.

Majani ya mwarobaini kwenye maji ya kuoga siyaogopi sana kama ngozi haina vidonda. Asinyweshwe tu. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwaletea watoto wadogo degedege na kuharibu ini. Na kama ungekuwa na surua kweli ndani ya nyumba, basi ile kanuni ya kutochoma sindano na kutompeleka hospitali ndiyo ingekuwa mbaya kuliko zote. Mtoto wa surua anahitaji vitamini A, dozi mbili, siku anapogundulika na kesho yake, ili kulinda macho na kupunguza uwezekano wa kufa. Anahitaji pia mtu wa kumsikiliza kifua, kwa kuwa nimonia ndiyo inayoua wengi. Wala mtu asimtie dawa ya majani wala chochote cha kienyeji machoni. Upofu unaolaumiwa surua mara nyingine umeletwa na hicho kilichotiwa.

Jirani naye ana hoja nusu. Harara zipo, na kuanzia Novemba Dar inazijua. Ila harara hazimpi mtoto homa ya 39.6 siku tatu. Hukaa kwenye mikunjo, shingoni, kwapani, pale nguo inapobana na jasho linapotuama, na huwasha au kuchoma. Zinaweza kuongezeka juu ya roseola kwa mtoto aliyetoka jasho usiku kucha, lakini hazielezi hadithi yote.

Nije kwa kijana wa duka la dawa, ambaye nina ugomvi naye zaidi ya mama mkwe. Kwanza, mtoto aliangaliwa zahanati, kifua kikasikilizwa, masikio na koo vikaonekana, ikasemwa ni virusi. Amoksilini haigusi virusi. Pili, dawa hiyo ilipoleta mashaka, dawa yenu ya mashaka ikawa kununua nyingine mbili. Hiyo tyubu kaisome: nyingi zinazouzwa kwa vipele vya kila aina ni mchanganyiko wa dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali. Kwa ngozi ya mtoto mdogo steroidi ya namna hiyo, ikipakwa bila sababu, huichubua na kuilegeza. Irudishe kabatini au mrudishie mwenyewe. Kama vingewasha, losheni ya kalamini ingetosha.

Kuhusu mzio wenyewe, inawezekana kweli amoksilini imechangia. Watoto wengi wakipewa amoksilini katikati ya ugonjwa wa virusi hutoka vipele vidogo bapa siku chache baadaye, na wengi wao wakija kupimwa vizuri huonekana hawana mzio wowote. Mzio wa kuogopa una sura nyingine: huja dakika au saa chache baada ya dozi, ngozi inavimba mabaka yanayowasha sana, yanahama, sasa yapo pajani, baada ya saa moja yapo mgongoni. Midomo au macho huvimba, mtoto hutapika, hukoroma au hubanwa pumzi. Ukiona hivyo si barua tena, ni bajaji ya haraka mpaka hospitali.

Kwa sasa usimpe dozi nyingine ya amoksilini mpaka aonwe kesho. Najua mnasikia kila siku kwamba dozi ya antibayotiki lazima imalizwe, lakini hiyo ni kwa dawa iliyoandikwa kwa ugonjwa uliopimwa. Beba chupa yake. Mweleze mhudumu ilianza siku gani na saa ngapi, na vipele vilitoka lini. Usiruhusu mtu aandike kwenye kadi "ana mzio wa penisilini" (jamii ya dawa ambayo amoksilini imo) kwa kubahatisha. Neno hilo likishaandikwa humfuata mtu mpaka uzeeni, na siku atakapopata nimonia ya kweli atanyimwa dawa rahisi na nzuri bila sababu.

Hilo la picha kutoonyesha kitu limenigusa, kwa sababu ni tatizo la wengi. Maelezo mengi ya vipele yameandikwa kwa ngozi nyeupe: wekundu, waridi, kama shavu lililopigwa kofi. Kwenye ngozi zetu wekundu hujificha. Vipele vinaweza kuwa rangi ya kahawia iliyoiva, zambarau, au rangi ile ile ya ngozi ila vimeinuka. Mvue nguo zote, msogeze karibu na dirisha wakati wa mchana, si chini ya taa, na umwangalie kwa ubavu ili mwanga upite juu ya ngozi. Kisha pitisha nyuma ya vidole vyako tumboni, utavihisi kabla hujaviona.

Halafu fanya hili moja. Chukua kipele kimoja, ivute ngozi kwa vidole viwili kushoto na kulia, au kikandamize kwa glasi ya kioo iliyo safi. Cha virusi vya kawaida hufifia kwa muda. Kisichofifia kabisa, kinachobaki kama nukta ya damu au jeraha la kugongwa, ni damu iliyovuja chini ya ngozi, na hapo huendi zahanati ya jirani, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Inaweza kuwa maambukizi ya damu au uti wa mgongo. Kwa mtoto mweusi sana usitegemee tumbo peke yake: angalia viganja, nyayo, ndani ya kope la chini, na kaakaa anapolia.

Damu ya namna hiyo inanikumbusha dengue, ambayo wana Dar es Salaam tulionjeshwa vizuri mwaka 2014 na tena 2019. Nayo huleta homa kali na vipele, na siku mbaya yake mara nyingi ndiyo ile homa inaposhuka. Tofauti na mwanao, mtoto wa dengue kali homa ikishuka anazidi kuwa hoi: tumbo linamuuma, anatapika, analegea, ufizi au pua inatoa damu, mikono na miguu inakuwa ya baridi. Kwa sababu ya dengue peke yake, mtoto mwenye homa ambayo haijajulikana asipewe brufeni, diklofenaki wala aspirini. Aspirini hata bila dengue si dawa ya mtoto mwenye virusi. Parasetamo inatosha: mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Chupa nyingi zimeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, lakini soma yako, na pima kwa kikombe chake, si kijiko cha chai. Wa kwako sasa hana homa, basi iacheni.

Wasomaji wengine watauliza tetekuwanga. Ile ina malengelenge yenye maji, yanawasha, na utayakuta ya umri tofauti kwa wakati mmoja: moja linaanza, jingine limejaa, jingine limekauka. Wa Mama Ibra hana maji. Na mzazi mwenye mtoto wa selimundu asisome barua hii kama ruhusa ya kusubiri nyumbani. Kuna kirusi kiitwacho parvo B19, ambacho kwa mtoto mwingine huleta mashavu mekundu na vipele vya kupita, ila kwa mwenye selimundu husimamisha utengenezaji wa damu kwa siku kadhaa na kumwishia damu ghafla. Huyo akipata homa, anaonwa siku hiyo.

Kwa mwanao, ninayokutaka uyatazame usiku wa leo ni haya. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea asiamke vizuri, akipata degedege, au akipumua mara 40 na zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia, usingoje kesho. Homa ikirudi, au vipele vikigeuka kuwa vya damu, vivyo hivyo. Homa ya roseola inapopanda kwa kasi huwa inawaletea watoto wengine degedege. Ikitokea, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, asifukizwe, mkimbizeni hospitali. Ukikwama usiku na hujui pa kuanzia, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Mkifika zahanati kesho, msiingie tu na kukaa benchi. Sema mlangoni kwamba mtoto ana vipele na alikuwa na homa. Mimi naamini si surua, lakini ikiwa nimekosea, virusi vya surua hukaa hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na kwenye benchi hilo huwa kuna watoto wa miezi minne na mitano ambao hawajafikia chanjo.

Wifi yako, kama ni roseola, hana la kuhofia sana. Watu wazima karibu wote walishaipata utotoni. Ninachotaka kuhakikisha ni kwamba si rubela wala parvo, kwa sababu miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito ndiyo rubela huharibu zaidi, moyo, macho na masikio ya mtoto tumboni, na chanjo ya rubela iliingia kwenye ratiba yetu mwaka 2014 tu. Mwanamke wa umri wake huenda hakuwahi kuchanjwa. Aende kliniki wiki hii, amweleze mkunga tarehe ambayo vipele vilitoka na jibu mtakalopewa zahanati kesho; mkunga ataamua kama apimwe damu. Mpaka hapo mtoto asilale naye, na vikombe na taulo vyao viwe mbalimbali. Akipata homa au vipele yeye mwenyewe, asipange foleni na wajawazito wenzake. Aseme mlangoni, kama nilivyokuambia wewe.